Nyaya Ndani ya Chesisi: Vidokezo kwa Anayefufua Land Rover

Inama chini ya Land Rover 109 ya zamani utazame chesisi yake kutoka mbele hadi nyuma. Taa za breki zipo, indiketa zipo, geji ya mafuta inasoma, lakini huoni waya unaokwenda huko. Nyaya zimo ndani ya chuma. Chesisi ya Land Rover si ya wazi kama ya lori. Ni boksi, vipande vya chuma vilivyochomelewa kingo kwa kingo. Gari hili lilipozinduliwa mwaka 1948, chuma kilikuwa cha mgao Uingereza, ndiyo maana bodi ikawa ya aluminiamu na chesisi ikaungwa kwa vipande. Boksi hilo likawa pia njia ya umeme wa nyuma, kwenye matoleo ya Series na baadaye kwenye Defender ya zamani, ambayo uzalishaji wake ulikoma Januari 2016.

Magari haya bado hayajatuaga. Oktoba 2024 mji wa Arusha uliandaa tamasha la Land Rover, na aliyepita barabarani siku zile aliona kila umri na kila rangi. Nyuma ya kila gari linalong'aa kuna mtu aliyelivua bodi, akapiga chesisi rangi, kisha akamwita fundi umeme. Hapo ndipo mahitaji yanapotajwa: friji ya wageni, chaji za simu, redio, kamera ya kurudi nyuma, soketi ya trela, betri ya pili. Kiwandani walipitisha nyaya chache tu. Wewe unataka mara mbili yake.

Njia ya ndani ni nzuri sana. Mawe hayazifikii nyaya, matawi hayazikamati, na chini ya gari kunabaki safi. Ubaya wake ni mmoja: ukishapitisha, huoni tena. Kwa hiyo mimi kazi hii naipima kwa swali moja: je, kilichoingia kinaweza kutoka bila kukata chuma?

1. Usichomoe za zamani mikono mitupu

Tita la nyaya za zamani, hata likiwa limekauka na kupasuka, ndilo litakalokuingizia jipya. Kabla hujalivuta, kata plagi na viunganishi vya upande wa mbele, lakini usivikate vyote mahali pamoja. Kata kimoja mbele, kingine nyuma kidogo, ili kichwa cha tita kiwe chembamba kama ncha ya penseli. Funga hapo kamba ya nailoni ya milimita 3 au 4, zungushia tepu vizuri, kisha nenda nyuma ukavute polepole. Tita likitoka lote, kamba imebaki ndani.

Likigoma, usilazimishe. Ndani ya chesisi iliyokaa uani miaka mingi kuna udongo uliogandamana, magamba ya kutu na nyumba za nyigu. Mtu mmoja avute, mwingine asukume upande wa pili, mpokezane. Kinachowaponza wengi ni haraka ya kubomoa: wanakata tita vipande vipande ili limalizike leo, na wiki inayofuata wanatafuta springi ya kuingizia kamba.

2. Kuchomelea kwanza, nyaya baadaye

Kagua chesisi yote kwa nyundo ndogo kabla hujafikiria waya. Mkingamo wa nyuma na sehemu zinazoshika springi ndizo huoza mapema. Panapolia kama kopo, patakatwa na kuwekwa kipande. Hiyo kazi iishe yote, ipoe, ndipo umeme uingie.

Tatizo hutokea mwishoni, gari likiwa karibu kuondoka na mtu akakumbuka bano moja la tangi.

"Bosi, ni doti mbili tu, nyaya hazitasikia."

"Fundi wangu, zitoe kwanza."

Doti mbili zinatosha kuifanya sahani ya chuma iwe nyekundu, na upande wa ndani plastiki ya waya imelala juu yake. Inayeyuka na hujui. Gari litatoka gereji likiwa zima, halafu fyuzi itaanza kuungua siku ya mvua. Ukiwa unachomelea, toa pia vichwa vya betri na plagi ya altaneta. Kwenye Defender ya Td5, iliyoanza kuuzwa mwaka 1998, chomoa na kompyuta ya injini.

3. Safisha mpaka maji yatoke meupe

Ingiza bomba la maji ya presha upande mmoja uone kinachotoka upande wa pili. Mara ya kwanza utadhani unachimba kisima. Rudia mpaka maji yawe safi, kisha hakikisha matundu ya chini ya kutolea maji yote yako wazi. Chesisi iliyozibwa matundu ni tangi la maji, na nyaya zako zitakuwa zinaogelea humo.

Acha ikauke juani, siku mbili zikitosha. Halafu puliza dawa ya kuzuia kutu ya ndani, ile yenye nta, kwa mpira mrefu unaofika kila kona. Kwa wenzetu wa Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar hili si la hiari, kwa sababu hewa ya chumvi inakula chuma hata gari lisipotoka nje ya mji. Aliyenunua chesisi mpya iliyochovywa zinki asijisahau pia: zinki ikiganda huacha miiba kwenye kingo za matundu, ndani na nje. Pitisha kidole chenye glavu uitafute, kisha iondoe kwa tupa.

4. Kamba ikikosekana

Chesisi ni mpya, au aliyekutangulia amekata kila kitu. Njia zipo.

Ya kwanza ni springi ya mafundi wa umeme wa majumbani, ile ya chuma bapa wanayoingizia nyaya kwenye mabomba ya ukutani. Inasukumika vizuri kwenye mhimili wa chesisi ulionyooka, ila kwenye Land Rover mhimili unapanda juu ya ekseli ya nyuma, na hapo ndipo inapojikunja na kurudi. Pinda ncha yake kidogo, kama kidole kilichoelekea juu, uizungushe unaposukuma.

Ya pili ni upepo. Chukua mshipi wa kuvulia, funga kijipande cha mfuko wa plastiki mwishoni, uingize kwenye tundu la mbele. Ziba matundu mengine yote kwa tepu ya karatasi. Weka mashine ya kufyonza vumbi kwenye tundu la nyuma. Plastiki inabebwa na upepo, mshipi unafuata. Ukiona umefika, tumia mshipi kuvuta uzi mnene zaidi, na uzi uvute kamba. Aliye na kompresa tu anaweza kupuliza kutoka mbele, japo kufyonza kuna utulivu zaidi.

Ya tatu ni ya kumalizia. Kamba imefika karibu na tundu la kutokea lakini haitoki. Inazunguka ndani, unaisikia. Hapo utafurahi ikiwa ulifunga nati ndogo ya chuma kwenye ncha yake, kwa sababu ile fimbo ya sumaku inayookota bolti zilizodondoka kwenye injini itaikamata mara moja.

5. Tita tupu au bomba?

Hapa mafundi hawakubaliani, na kila mmoja ana sababu yake.

Kiwandani walipitisha tita lenye ganda lake, basi. Kama unarudisha gari kama lilivyozaliwa, lenye taa za nyuma, geji na soketi ya trela, fanya hivyo hivyo. Zungushia tita tepu ya kitambaa ya magari, si ile ya plastiki ya dukani ambayo joto likizidi gundi yake inageuka asali nyeusi.

Gari la kazi ni habari nyingine. Gari la safari litaongezewa kitu kila msimu. Mwaka huu friji, mwakani taa za kambi. Kwa gari kama hilo mimi ningelaza bomba ndani ya mhimili kwanza, kisha nyaya ndani ya bomba. Bomba jeusi la umwagiliaji la milimita 20 au 25 linafaa: ni laini ndani, linapinda bila kuvunjika, na maduka ya kilimo yanalo. Bomba jeupe gumu la umeme wa nyumbani liache ukutani. Barabara ya rasta kutoka lango la Ngorongoro hadi Serengeti italipasua.

Lile bomba la makunyanzi lililopasuliwa ubavuni, ambalo kila duka la vipuri linauza, ni zuri kwenye injini ambako unaliona. Ndani ya chesisi sina imani nalo. Mpasuko wake unapokea mchanga, makunyanzi yanautunza, na gari likitikisika mchanga huo unasugua nyaya kama msasa.

Bomba lolote utakaloweka, litoboe tundu dogo mahali linapokaa chini kuliko kote, maji yasilale. Na chagua mhimili ulio mbali na ekzosi.

6. Hesabu kabla ya kununua waya

Friji inayozima saa tisa usiku porini mara nyingi si mbovu. Waya wake ni mwembamba.

Waya wa shaba wa milimita 1 ya mraba una ukinzani wa takriban omu 0.0175 kwa kila mita. Friji ya kompresa ya volti 12 huvuta takriban ampea 5 inapofanya kazi. Tuseme kutoka betri hadi friji ni mita 5, na kurudi ni mita 5 nyingine. Zidisha: mita 10 kwa 0.0175 ni omu 0.175, mara ampea 5 ni volti 0.875. Betri iliyopumzika ikiwa na volti 12.4, friji inaona 11.5, na kinga yake ya betri inaamua kwamba betri imechoka. Inazima. Tumia waya wa milimita 4 za mraba, kinachopotea kinashuka hadi volti 0.22 hivi, na nyama ya wageni inalala salama.

Taa hazidai hivyo. Taa mbili za breki za wati 21 kila moja huvuta ampea 3.5 kwa pamoja, na waya wa milimita 1 unazitosha. Ukiweka wa 1.5 hakuna atakayekulaumu.

Dukani angalia mambo mawili. Waya uwe wa nyuzi nyingi, si ule wa uzi mmoja mgumu wa nyumbani, kwa sababu mtikisiko wa gari huuvunja ndani ya ganda lake bila dalili. Na uwe shaba kweli. Siku hizi kuna waya wa aluminiamu uliopakwa shaba kwa juu, bei poa, unang'aa kuliko halali. Kwaruza uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe ndani, mrudishie mwenye duka.

7. Fuata rangi za kiwanda

Waingereza walikuwa na utaratibu wao wa rangi, na Land Rover ikaufuata. Nyeusi ni ethi. Nyekundu ni taa ndogo za nyuma. Kijani yenye mstari wa zambarau ni breki. Kijani na nyekundu ni indiketa ya kushoto. Kijani na nyeupe ni ya kulia. Kijani na kahawia ni taa ya kurudi nyuma, kijani na nyeusi ni geji ya mafuta. Kahawia tupu ni umeme wa moja kwa moja kutoka betri, usio na fyuzi, kwa hiyo uheshimu.

Duka likiwa na nyekundu na nyeusi tu, nunua na uandike namba kwenye vipande vya karatasi, bandika ncha zote mbili, funika kwa mpira wa kusinyaa wa rangi angavu. Fundi atakayekuja baada yako atakuombea dua.

Angalizo moja kwa wenye magari ya zamani sana: Land Rover nyingi za kabla ya mwaka 1967 zilitoka na chanya kwenye bodi, si hasi. Ukiunga redio ya kisasa bila kuhakikisha, umeichoma.

8. Kiungo ndani ya chesisi ni marufuku

Kila waya uende mzima kutoka tundu la kuingilia hadi la kutokea. Ukipungukiwa sentimita kumi, toa, ununue mwingine. Kiungo kitakutana na maji, na hakuna mkono utakaofika huko.

9. Matundu ndiyo yanayoua nyaya

Waya ndani ya boksi, umelala tu, una maisha marefu. Balaa liko pale unapoingia na unapotoka. Chomoa tita la zamani la Land Rover yoyote ulitazame karibu na mkingamo wa nyuma: ganda limekwanguka upande mmoja tu, kama limenyolewa, shaba imegeuka kijani, na nyuzi tatu nne zimekatika zikabaki zimesimama kama nywele. Juu yake, kwenye tundu la chuma, kulikuwa na raba. Sasa kuna alama ya raba.

Tumia matundu yaliyopo kwanza. Ikibidi kutoboa, toboa ubavuni mwa mhimili, katikati ya kimo chake. Chesisi inapobeba mzigo, uso wa juu hubanwa na wa chini huvutwa. Katikati ya ubavu ndipo chuma kinapofanya kazi ndogo zaidi ya kupinda. Usitoboe uso wa juu wala wa chini, wala karibu na mabano ya springi na mishono ya kuchomelea. Tundu la milimita 20 linatosha kwa tita la kawaida. Mtu anayetoboa tundu la kupitisha ngumi apelekwe kwenye karakana ya vitanda.

Baada ya drili, chukua tupa ya mviringo uondoe makali pande zote mbili. Upande wa ndani huuoni, lakini kidole kinauona. Paka rangi ya zinki kwenye chuma kilichochubuliwa, iache ikauke, ndipo uweke raba yenye mfereji unaoshika unene wa chuma. Mpira wa tyubu uliokatwa kwa mkasi na kuzungushiwa waya si raba. Unateleza na kutoka baada ya safari moja ya vumbi.

Waya ukishatoka, ushike kwa bano la chuma lenye mpira, umbali wa kiganja kutoka kwenye tundu, ili mtikisiko uishie hapo badala ya kwenye raba. Kisha uache ushuke kidogo kabla haujapanda kwenda kwenye taa. Maji hufuata waya. Ukishuka, yatadondoka hapo chini na hayataingia kwenye taa.

10. Poda, si grisi

Tita jipya likigoma kuteleza, lipake poda ya watoto. Grisi na oili huharibu mpira na plastiki polepole, na vumbi likishika humo hutavuta tena kitu. Sabuni ya maji inafaa pia ikiwa una subira ya kusubiri ikauke.

Kazi hii ni ya watu wawili: wa nyuma anavuta, wa mbele analisha na kunyoosha. Wa mbele ndiye mkubwa wa kazi. Akiona waya umejikunja aseme "simama", na wa nyuma asimame kweli.

11. Majirani wasiofaa

Bomba la mafuta lisipite ndani ya mhimili ule ule wenye nyaya. Kule Marekani, wanaojenga magari ya kifahari kwa chesisi za Ford za mwaka 1932, ambazo asili yake zilikuwa wazi na wao huzifunga kwa sahani ziwe boksi, hupenda kuficha kila kitu humo: umeme, breki, hata mafuta. Gari linapendeza kweli kwenye maonyesho. La kwako linakwenda Loliondo. Bomba la breki na la mafuta liwe nje, uweze kuliona linapovuja.

12. Fyuzi ikae karibu na betri

Fyuzi inalinda waya, si friji. Ukiiweka nyuma karibu na friji, mita tano za waya ndani ya chuma hazina mlinzi, na siku raba itakapotoka betri itamwaga nguvu zake zote kwenye chesisi. Kwenye Defender betri iko chini ya kiti, yaani moto unaanzia chini ya aliyekaa. Weka fyuzi karibu na kichwa cha betri kadiri inavyowezekana. Kwa waya wa milimita 4 wa friji, ampea 15 inatosha. Kila kifaa kikubwa na fyuzi yake.

13. Ethi irudi na waya wake

Hiki ndicho kidokezo ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu nusu ya magonjwa ya umeme wa Land Rover yanaanzia hapa. Unakanyaga breki, taa ndogo zinafifia. Unawasha indiketa ya kushoto, taa ya breki nayo inapepesa. Mwenye gari ananunua balbu, ananunua swichi, ananunua kikatizi cha indiketa. Balbu ni nzima zote. Umeme umefika kwenye taa ukakosa njia ya kurudi, ukaamua kupitia kwenye balbu ya jirani.

Sababu ni bodi yenyewe. Ni aluminiamu, imefungwa kwenye chesisi ya chuma kwa bolti. Aluminiamu na chuma vikigusana penye unyevu, hasa wa chumvi, vinalana, na unga mweupe unajitokeza katikati. Unga huo haupitishi umeme. Fundi aliyefunga ethi ya taa kwenye bodi kwa skrubu amejenga juu ya unga.

Kwa hiyo ndani ya tita lako weka waya mweusi mnene, milimita 2.5 za mraba au zaidi, utoke kwenye taa za nyuma mpaka kwenye ethi ya mbele. Friji iwe na ethi yake peke yake, unene ule ule wa waya wake wa chanya. Ukitaka pia kufunga kwenye chesisi, kwangua rangi mpaka chuma kionekane cheupe, weka washa yenye meno, kaza, halafu paka vaselini juu. Juu, si katikati.

14. Pima kabla ya kurudisha bodi

Bodi ikiwa bado imeegeshwa pembeni, chukua mita. Kila waya ulie mwanzo hadi mwisho. Kisha, huku ncha zote zikiwa hazijaungwa, weka mguu mmoja wa mita kwenye chesisi na mwingine kwenye kila waya kwa zamu. Ikilia, kuna mahali umechubuka, na leo ndiyo siku rahisi ya kuutoa. Mtu mwingine atikise tita kwenye matundu wakati unapima. Kuna mchubuko unaojificha waya ukitulia.

15. Acha kamba ndani

Ukivuta tita, vuta pamoja nalo kamba mpya ya nailoni, uifunge ncha zote mbili nje ya chesisi isije ikateleza ndani. Ongeza na nyaya mbili za ziada zisizo na kazi, ncha zake zikiwa zimezibwa kwa mpira. Gharama yake ni ndogo kuliko soda za mafundi wa siku hiyo, na siku utakapotaka kamera ya nyuma utaipitisha kabla chai haijapoa.

Kisha chora. Mchoro wa kalamu tu: kila waya rangi yake, namba yake, fyuzi yake, na tundu unapotokea. Upige picha kwa simu, na karatasi yenyewe uitie kwenye mfuko wa plastiki, uibandike upande wa ndani wa kifuniko cha boksi la betri. Simu hupotea. Ukiliuza gari, usiuondoe mchoro huo. Mwenye gari mpya atauhitaji kuliko wewe.